Supachaja kwenye pikapu: bei ya mtambo ni mwanzo tu

Wenye pikapu za petroli zinazobeba mizigo kila siku wana lalamiko moja: gari likishapakiwa na kukutana na mlima, nguvu huisha. Sababu mojawapo ni hewa. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina mgandamizo wa hewa ulio pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18, na injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo.

Supachaja hutibu upungufu huo. Huzungushwa na mkanda unaoendeshwa na injini yenyewe, nayo huzishindilia silinda hewa zaidi. Mtambo wa paundi 6 kwa inchi ya mraba huongeza karibu asilimia 40 juu ya mgandamizo wa pwani, ambao ni paundi 14.7. Nchini Marekani, kitengo cha TRD cha Toyota kiliwahi kuuza mtambo wa aina hiyo kwa pikapu ya Tacoma yenye injini ya V6 ya lita 3.4.

Hata hivyo, mnunuzi asihesabu bei ya mtambo peke yake. Hewa ikizidi bila petroli kuongezeka, joto hupanda, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo bajeti iwe na fedha za injekta kubwa zaidi, marekebisho ya kompyuta ya injini, plagi zinazopoa haraka, petroli ya okteni ya juu na geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli.

Kabla ya yote, fundi apime kompresheni ya kila silinda, maana injini iliyochoka haifai. Klachi, rejeta na breki zikaguliwe pia. Nguvu mpya haiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Aidha, kampuni ya bima ijulishwe.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ni ya siku. Tuseme pikapu inaleta faida ya sh. 3,000 kwa siku. Ikilala gereji siku 21, sh. 63,000 zimekwenda kabla hajanunua pistoni hata moja.

Aliye na fedha za mtambo tu, heri asubiri. Wakati huo alinganishe gharama zote na bei ya pikapu ya dizeli iliyotoka kiwandani na tabo yake.