Baisikeli za Watu wa Amsterdam

Katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, si ajabu kumwona mama juu ya baisikeli, mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma, wakienda shule au sokoni. Lakini desturi hii nusura ipotee. Motokaa zilipozidi, ajali nazo zilizidi. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 waliuawa barabarani katika nchi hiyo. Wazazi hawakunyamaza. Katika miaka iliyofuata waliandamana pamoja na watoto wao, wakidai barabara zilizo salama. Hatimaye zikajengwa njia za baisikeli peke yake, zilizotengwa na zile za magari. Yafaa ifahamike kwamba mzazi hampakii mwanawe kwenye baisikeli kwa kuhimizwa tu. Humpakia akiisha kuona kwamba watafika salama.