Kabla Hujatia Dole Kwenye Karatasi ya Umeme wa Jua

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa watu wengi wa hapa Port Reitz ambao mkono mmoja uko bandarini na mwingine uko shambani. Unafanya kazi Kilindini au uwanja wa ndege, unafuga kuku wachache nyuma ya nyumba, na shamba hasa la ukoo liko Kinango, Kaloleni au Ganze, nalo latunzwa na ndugu yako. Ni wewe hasa ninayekuandikia, maana karatasi ya ardhi yaweza kutiwa saini siku ambayo wewe hupo, na ukirudi Pasaka au Idi ukakuta mambo yamekwisha.

Umeme wa jua si hadithi ya mbali tena. Sisi hapa tumezoea mitambo ya Kipevu ichomayo mafuta mazito. Ule wa tatu, wenye megawati 120, uliwashwa mwaka 2011. Lakini mwaka 2018 uwanja wetu wa ndege nao ulianzishiwa mradi wa paneli za sola za kilowati 500 hivi, ili ndege zinapoegeshwa zipate umeme bila kuwasha injini. Na huko Langobaya, bara ya Malindi, mtambo wa jua wa megawati 40 ulianza kuiuzia nchi umeme mwezi wa Desemba 2021. Jua la Pwani limekuwa bidhaa kama nazi na korosho, na bidhaa ikipata soko wanunuzi hufika. Atakuja mtu na gari safi, atauliza ardhi tambarare iliyo karibu na nyaya kubwa, na mkononi atakuwa na mkataba wa kukodi.

Sisemi umfukuze. Kodi ya ardhi ambayo mvua imeikataa yaweza kusomesha watoto. Nasema kwamba yafaa kujua safari yote ya mradi wa namna hii, tangu mtu wa kwanza kupima shamba mpaka taa kuwaka, kwa sababu katika safari hiyo zipo hatua ambazo sheria imekupa wewe nafasi ya kusema, na ukizipita umelala hazirudi.

Wengi hudhani ya kuwa kampuni ikisha kupata leseni Nairobi, maneno ya kijijini hayana uzito. Wakulima wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, walionyesha kwamba sivyo. Huko ulipangwa mradi wa upepo wa megawati 60.8, wenye mitambo 38, na gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 150 za Marekani. Fedha zilipatikana, leseni zilipatikana, na mitambo iliagizwa. Ardhi ilikodiwa kwa wakulima wadogo mmoja mmoja, watu wa viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Lakini jirani ambaye shamba lake halikuchaguliwa hakujua atapata nini, wala mnara utasimama umbali gani na mlango wake. Mahali pasipo maelezo uvumi hupata makao. Ikasemwa kwamba ng'ombe watakauka maziwa na kwamba wanawake wataharibu mimba. Wanasiasa nao wakaingia. Yakafuata maandamano, na mapema mwaka 2015 mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Februari 2016 wenye mradi wakatangaza kwamba wameuacha. Kampuni ilipoteza fedha, wakulima waliokwisha kutia saini walikosa kodi waliyoitumainia, na hakuna hata taa moja iliyowaka kwa upepo ule.

Mimi sikubali wale wanaosema kwamba watu wa Kinangop walikuwa wajinga tu. Uvumi ule wa maziwa haukuwa na msingi, ni kweli. Lakini swali lililokuwa chini yake, yaani nani anafaidika na nani anabaki na kelele, lilikuwa swali la haki, na lilistahili kujibiwa mapema.

Sasa tazama Marsabit, ambako mambo yalikwenda kinyume: mradi ulisimama, ardhi ikaanguka. Karibu na Loiyangalani ipo mitambo ya upepo 365, yenye uwezo wa megawati 310, na hapana shaka kazi yenyewe ni kubwa. Lakini eneo lililotolewa, eka 150,000, lilikuwa ardhi ya amana iliyoshikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wafugaji. Mwaka 2014 wakazi walikwenda mahakamani wakisema hawakuulizwa kama sheria inavyotaka. Miaka saba baadaye, Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana isivyo halali, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha makosa. Mei 2023 mahakama hiyo ikakataa ombi la kuongeza muda. Miaka yote hiyo mitambo ilikuwa ikizunguka, na mfugaji akisubiri hukumu.

Marsabit kuna funzo jingine la kupanga. Mitambo ilikuwa imesimamishwa mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Mitambo ikakaa kimya, na faini ya kuchelewa ikahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo mgeni akija kuomba ardhi, muulize kwanza umeme utapita wapi. Kama hajui, bado hajawa na mradi. Ana ndoto, na anataka kuilaza juu ya shamba lako. Nyaya zenyewe nazo huhitaji ardhi. Mtu ambaye nyaya zimepita juu ya shamba lake hubaki mwenye shamba, hulima mihogo na kunde chini yake, lakini minazi na miembe hukatwa na nyumba hairuhusiwi. Basi fidia ya miti ihesabiwe mti kwa mti, na wewe uwepo inapohesabiwa.

Vibali vyenyewe ni hivi. Kwanza ni ardhi. Shamba la kilimo lenye hati haliwezi kukodishwa bila idhini ya bodi ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967, na ombi lapasa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila idhini hiyo mapatano ni bure. Mwenzi wa ndoa naye lazima akubali. Ikiwa kampuni ina wageni ndani yake, bodi hiyo haina ruhusa ya kukubali mpaka Rais atoe msamaha maalumu. Na kwa Katiba ya mwaka 2010 mgeni hawezi kumiliki ardhi yetu milele, bali aweza kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Ikiwa ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ni kali zaidi: mapatano na mwekezaji hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo wayakubali katika mkutano ulioitwa kwa shughuli hiyo, nao mkutano uwe umehudhuriwa na theluthi mbili. Wazee watano chini ya mwembe hawatoshi, hata wakiwa wazee wa heshima. Wanawake na vijana waliokwisha kuwa watu wazima wamo katika hesabu hiyo.

Baada ya ardhi, kaunti hutoa kibali cha ujenzi na matumizi ya ardhi, na NEMA hutoa leseni ya mazingira. Mamlaka ya Nishati na Petroli, ambayo twaijua kwa jina la EPRA, hutoa leseni ya kuzalisha umeme, na pia huangalia mkataba wa kuuziana umeme na Kenya Power. Mkataba huo ndio roho ya mradi mkubwa, maana bila mnunuzi hakuna benki itakayokopesha.

Katika vibali vyote hivyo, leseni ya mazingira ndiyo inayokupa nafasi kubwa ya kusema. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, abandike matangazo mahali pa wazi, na atangaze gazetini na redioni kwa lugha ambayo watu wanaifahamu. Usidhani hayo ni mapambo ya karatasi. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu ulipewa leseni. Watu wa Lamu wakakata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ripoti ya madhara haijakuwapo. Watu walielezwa kwamba mradi unakuja. Hawakuelezwa utawafanyia nini. Makaa ya mawe si jua, lakini mlango wa sheria ni uleule. Kwa hiyo ukiitwa mkutanoni, uliza ripoti iko wapi, na uliza kama imeelezwa kwa Kiswahili. Jina lako likiandikwa katika daftari ya mahudhurio, soma kwanza kichwa cha ukurasa. Yawezekana unadhani umetia saini ya soda na posho, kumbe umeandikwa kuwa umekubali.

Na yule anayesema vibali ni usumbufu wa makarani (nasi makarani twasikia maneno hayo kila siku), aende Owino Uhuru, hapa hapa upande wetu wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilianza huko mwaka 2007 bila leseni ya mazingira iliyostahili, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Ofisi za serikali zilizolegea nazo zilionekana na hatia. Betri zile ni za namna ileile ambayo nyumba nyingi huziunganisha na sola. Basi katika mkataba wa mradi wowote wenye betri, iandikwe zitapelekwa wapi zikichakaa na kwa gharama ya nani.

Tuje kwenye hesabu ya ardhi. Mtambo wa jua wa Garissa, wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ulijengwa juu ya hekta 85, yaani eka 210. Gawanya, utapata eka nne na kidogo kwa megawati moja. Kwa hiyo mtu akitaka eka 2,000 kwa mradi wa megawati 40, muulize zile nyingine ni za nini. Upepo ni tofauti: kati ya mnara na mnara waweza kulima na kuchunga. Paneli za jua huzungushiwa ua, na ardhi hiyo umeikosa kwa miaka 20 au zaidi, isipokuwa mwenye mradi akubali kuziinua. Huko Isinya, Kajiado, mwaka 2022 wataalamu walionyesha paneli zilizoinuliwa juu, kabeji zikakua chini yake katika kivuli, tena zikawa kubwa kuliko zile za juani. Ni jaribio dogo, lakini si vibaya kulitaja mezani.

Kisha kodi. Tuseme umeahidiwa shilingi 10,000 kwa eka kwa mwaka, bila kubadilika, kwa miaka 20. Tuseme bei ya vitu yapanda shilingi 5 katika kila 100 kila mwaka. Chukua kalamu ufanye hesabu: shilingi 10,000 utakazopokea mwaka wa ishirini zitanunua kile ambacho leo chanunuliwa kwa shilingi 3,800 tu. Mwanao atapokea kodi ya unga, na kampuni itakuwa inauza umeme. Basi dai kodi ipande kila mwaka, au kila baada ya miaka mitatu, na kiasi kiandikwe. Iandikwe pia kwamba mradi usipoanza katika miaka miwili au mitatu ardhi yarudi kwako, maana wako wanaokodi ili wauze mkataba kwa mwingine. Na iandikwe nani atang'oa nguzo na zege siku mkataba utakapokwisha, na fedha za kazi hiyo ziwekwe kando mapema. Kampuni iliyokwisha kufungwa haing'oi kitu.

Ikiwa mradi wenu ni mdogo, kwa mfano pampu ya kisima cha kikundi au baridi ya kuhifadhi maziwa na samaki, mambo ni mepesi. Umeme wa matumizi yenu wenyewe usiozidi megawati moja hauhitaji leseni ya kuzalisha, kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na kikundi cha kijiji hakitafika hata sehemu ya kumi ya hapo. Lakini fundi atakayefunga sola awe na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe kabla hajapanda juu ya bati.

Kama leseni ya mazingira imetolewa na wewe waona hukusikilizwa, una siku 60 za kupeleka rufaa kwa jopo lile lile lililowasikiliza watu wa Lamu. Siku hizo huanza kuhesabiwa hata kama wewe uko kazini Kilindini na barua imebandikwa kwa chifu huko Ganze.