Njaa ya Mchezo na Njaa ya Kweli

Makoko ni sehemu ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Wenyeji wengi wa huko hujipatia riziki kwa uvuvi, kilimo na biashara ndogondogo. Katika likizo moja nilikuwa huko nyumbani kwa jamaa zangu. Baada ya chakula cha jioni, vijana wapatao kumi waliketi mbele ya televisheni wakitazama mashindano ya kuishi porini. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyingi alikuwa akipekecha moto kwa vijiti, na vijiti vilikuwa vimelowa. Kila moshi ulipotoka vijana walijongea mbele, na kila ulipozimika walishusha pumzi kana kwamba wao ndio watakaolala na baridi usiku ule.

Bibi yetu alikuwa mlangoni akichambua dagaa. Alitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, huyu hana ndugu?"

Nikamjibu, "Anao, bibi. Amewaacha kwao. Amekwenda huko kwa hiari yake ili ashinde fedha."

Bibi akarudia dagaa wake. "Basi," akasema, "hiyo ni njaa ya mchezo."

Vijana walicheka. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, kwa maana mimi ni mwalimu wa biokemia, na kazi yangu ni kueleza mwili unafanya nini unapokosa chakula. Tena nilipokuwa masomoni Ulaya, mimi mwenyewe niliwahi kukesha nikitazama vipindi vya namna hiyo huku nikila mkate na chai chumbani. Kwa nini binadamu aliyeshiba hupenda kumtazama binadamu mwenye njaa? Na je, vipindi hivyo hutufundisha kweli jinsi ya kuokoka?

Mashindano yenyewe

Chimbuko la michezo hii katika televisheni ni wazo la Mwingereza Charlie Parsons, ambalo lilitekelezwa kwa mara ya kwanza nchini Sweden mwaka 1997. Marekani waliiga mwaka 2000, na mchezo wao, Survivor, ukapata watazamaji wengi mno. Mwaka uliofuata waliuleta karibu na kwetu. Katikati ya mwaka 2001 Wamarekani 16 walipelekwa katika hifadhi ya Shaba, katika eneo la Isiolo nchini Kenya, wakagawanywa makundi mawili yaliyopewa majina ya Samburu na Boran. Walikaa siku 39 ndani ya maboma ya miiba, wakichemsha maji kabla ya kuyanywa, na kila baada ya siku chache walipiga kura ya kumwondoa mwenzao mmoja. Aliyebaki wa mwisho, Ethan Zohn, alipewa dola milioni 1. Sehemu ya fedha hizo aliitumia kusaidia kuanzisha shirika linalotumia mpira wa miguu kuwafundisha vijana wa Afrika kujikinga na UKIMWI.

Katika mashindano yale washiriki walipewa mtihani wa kunywa damu ya ng'ombe, na watazamaji wa Marekani wakashangaa. Msomaji wa Mara hatashangaa. Kwa wafugaji wa nchi ile, damu iliyochanganywa na maziwa ni chakula cha kawaida chenye protini na madini ya chuma. Hivyo jambo ambalo kwa mgeni ni ushujaa, kwa jirani wa mahali pale ni mlo wake.

Ipo namna nyingine ya mashindano, iitwayo Alone, iliyoanza mwaka 2015 katika Kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, na ambayo mwaka 2025 ililetwa Afrika, katika nyika kame ya Karoo huko Afrika Kusini. Humo washiriki 10 hutawanywa mbalimbali, kila mmoja akiwa peke yake na vifaa 10 alivyovichagua, pamoja na kamera ambazo huziendesha mwenyewe. Hakuna kura. Anayeshindwa huita kwa simu ya setilaiti aje achukuliwe, na waganga huwapima washiriki na kumwondoa aliyekonda kupita kiasi. Hii ndiyo waliyokuwa wakiitazama vijana wa Makoko.

Kwa nini tunapenda kutazama?

Sababu ya kwanza ni hofu isiyo na hatari. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kwa nini watu hupenda pilipili ingawa inauma. Alieleza kwamba ulimi hulia kama uliounguzwa, na akili wakati huohuo inajua kuwa hakuna moto. Ile tofauti baina ya kengele ya mwili na utulivu wa akili ndiyo inayoleta raha. Televisheni ni pilipili ya macho. Moyo unakwenda mbio chui anaponguruma gizani, lakini makalio yako yako juu ya mkeka. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana hadithi za mazimwi zilisimuliwa usiku, watoto wakiwa wamebanana karibu na moto.

Sababu ya pili ni kujilinganisha. Mwaka 2004 Steven Reiss na James Wiltz wa Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wazima 239. Waliona kwamba waliopenda vipindi vya namna hii walielekea zaidi kuthamini hadhi, yaani kujiona kuwa wenye maana mbele ya wengine. Mtazamaji husema moyoni, "Huyu ni mtu wa kawaida kama mimi, basi nami ningeweza." Au husema, "Mimi nisingefanya upumbavu ule." Kwa vyovyote vile anainuka kidogo machoni pake mwenyewe. Usiku ule kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe ungemaliza siku ngapi?" Nikajibu tatu. Akasema yeye arobaini.

Sababu ya tatu, nayo naiona kuwa yenye uzito kuliko zote, ni hofu ya kutengwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu katika mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Ghafula wachezaji wenzao wakaacha kuwarushia. Ulikuwa mchezo tu, usio na tuzo yoyote, hata hivyo ilichangamka sehemu ya ubongo ambayo pia huhusika na uchungu wa maumivu ya mwili. Kwa hiyo tunapomwona mtu akipigiwa kura aondoke penye moto, tunatazama adhabu ya kale ambayo binadamu aliiogopa kabla hajajua kusoma wala kuandika.

Mwili wenye njaa

Jambo moja katika vipindi hivi si la mchezo, nalo ni njaa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alifanya jaribio ambalo hadi leo linasomwa vyuoni. Wanaume 36 waliokataa vita kwa sababu za dhamiri walijitolea kulishwa chakula pungufu kwa wiki 24, ili wataalamu wajifunze namna ya kuwahudumia watu walioachwa na njaa na Vita Kuu ya Pili. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza wengi ni mabadiliko ya tabia. Watu wale waliokuwa wapole walianza kukasirika kwa mambo madogo na kujitenga. Waliota chakula, wakazungumza chakula, na wengine walikaa wakisoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya.

Tukilijua hilo, tunaelewa ugomvi wa kwenye televisheni unatoka wapi. Mtengenezaji wa kipindi hana haja ya kuwaandikia washiriki maneno ya kugombana. Akipunguza wali tu, maneno yatakuja yenyewe. Kisha siku 39 za maisha hukatwakatwa, zikabaki saa chache zenye machozi na hasira. Saa nyingi za kulala, kukaa kimya na kuokota kuni hazionyeshwi, na hizo ndizo sehemu kubwa ya kuokoka.

Je, mtu mmoja anaweza?

Picha tunayopewa na mashindano haya ni ya mtu mmoja hodari anayeshinda pori kwa nguvu zake. Wanaoishi kwa pori kweli wanatuonyesha picha nyingine. Katika bonde la Ziwa Eyasi, kusini ya Serengeti, wapo Wahadza, ambao wengine wao wangali wakijipatia chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Kristen Hawkes na wenzake walihesabu siku za uwindaji wao, wakaona kwamba mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa katika siku takriban 97 kati ya 100. Na hao ni mabingwa wa upinde, waliozaliwa katika kazi hiyo.

Natufanye hesabu ndogo. Mwindaji mmoja mwenye bahati ya 3 katika 100 kila siku atangoja, kwa wastani, zaidi ya mwezi mmoja ili apate mnyama, na akimpata nyama itaoza kabla hajaimaliza. Lakini wakiwapo wawindaji 10 wanaogawana, na bahati ya mmoja isipotegemea ya mwingine, uwezekano wa kambi kupata mnyama katika siku fulani ni kama 26 katika 100, yaani karibu siku moja kati ya nne. Uhodari haukuongezeka hata kidogo; kilichoongezeka ni ugawaji.

Hata hivyo siku tatu zinazobaki lazima watu wale. Chakula cha siku hizo hutoka zaidi kwa wanawake: mizizi, matunda madogo na ubuyu. Watafiti haohao waliona kwamba akina bibi, ambao hawazai tena, huchimba kwa bidii kubwa, na mama anapokuwa na mtoto mchanga, afya ya mtoto aliyemtangulia hutegemea sana kazi ya bibi yake. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa ndiyo sababu binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Kwa hiyo bibi aliyeuliza kama yule Mzungu hana ndugu aliuliza swali la kisayansi, naye mwenyewe alikuwa sehemu ya jibu.

Mwaka 1985 katika Mara

Tuliporudi kwenye mazungumzo, bibi alitueleza habari za ukame. Alisema, "Mihogo haitaki haraka, na njaa haina subira." Maneno hayo yana ushahidi katika mkoa wetu wenyewe.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu kadhaa katika wilaya ya Tarime walipooza miguu yote miwili kwa ghafula. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Akili zao zilikuwa timamu, lakini miguu ilikakamaa, na haikurudia hali yake ya kwanza. Madaktari waliutambua ugonjwa huo kuwa ni konzo, jina litokalo Kongo, ambako ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Mwaka 1981 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 1,000 kaskazini ya Msumbiji.

Chanzo chake ni mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Chembechembe za muhogo zinapovunjika kwa kutwangwa, kulowekwa au kuvundikwa, kimeng'enya hukutana na linamarini na kuigeuza, na mwisho wake hutoka sianidi, ambayo ni sumu, ikaenda zake hewani. Ndiyo maana wazee walimenya mihogo, wakairundika na kuifunika siku kadhaa mpaka iote ukungu, wakaikwangua, wakaitwanga na kuianika. Wakati wa ukame mambo mawili hutokea pamoja. Mihogo huzidi uchungu, na watu wenye njaa hufupisha siku za kuvundika. Nyama, samaki na maharage, ambavyo vina protini zinazousaidia mwili kuigeuza sianidi isidhuru, navyo vimekwisha nyumbani. Hapo ndipo konzo huingia.

Ipo njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga wa muhogo hukorogwa na maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupikwa siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya sianidi iliyosalia hutoka. Njia hii haiondoi haja ya kuvundika. Huongeza usalama tu.

Linganisha sasa njaa hizo mbili. Mshiriki wa mashindano ana simu ya kuitia msaada, na ana mganga wa kumpima. Mama wa Tarime mwaka 1985 hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Kilichoweza kumwokoa ni maarifa ya kutayarisha chakula kibaya kikawa kizuri, na jirani wa kumkopesha unga wakati mihogo yake ikivundikwa siku mbili zaidi.

Siwashauri vijana waache kutazama. Mchezo ni mchezo, na kupenda hofu isiyodhuru ni tabia ya binadamu. Lakini kipindi kikiisha, aliye na bibi nyumbani na amwulize walikula nini katika mwaka wa njaa, walikipata wapi, na walikitayarishaje, kisha ayaandike. Usiku ule yule kijana wa siku arobaini ndiye aliyeanza. Alihama mbele ya televisheni, akaenda kuketi mlangoni, akavuta ungo wa dagaa upande wake, akauliza, "Bibi, mlikuwa mkiivundika siku ngapi?"