Mama Asiyeitikia Salamu

Katika kijiji cha Titye, huku kwetu kwenye vilima vya Kasulu, salamu si jambo la kupita haraka. Mwanamke akikutana na mwenzake njiani hutua mzigo, huinama kidogo na kupiga makofi taratibu, na baada ya "mwakeye" hufuata habari za watoto, za mume, za shamba na za mifugo. Ndiyo maana mama mmoja wa usharika wetu alipoanza kupita watu bila kuitikia, hakukawia kupewa jina. Walisema anaringa. Wengine walisema tangu mumewe aezeke nyumba kwa bati, amejiona.

Sisi tuliokuwa tukikaa naye benchi moja kanisani tulianza kuona mambo mengine. Kwaya ikianza wimbo, yeye aliitazama kwanza midomo ya wenzake, kisha akaingia nusu mstari nyuma yao. Alicheka wengine walipocheka, na siku moja alitabasamu wakati ukitangazwa msiba. Ana miaka 38 na watoto watano. Ametukubalia tueleze habari zake, ila jina lake tulihifadhi.

Tulipomtembelea nyumbani tukakaa naye jikoni, peke yetu, alitueleza mengi. Mambo yalianza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Kwanza ulikuja mlio katika sikio la kushoto, kama wa nyenje, usiokoma usiku wala mchana. Kisha zikapotea sauti nyembamba, za watoto na za ndege. Simu akaacha kuipokea, akawa anampa binti yake. Na huyu wa mwisho alipozaliwa, kila usiku alimfunga kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, ili mtoto akilia amsikie kwa mwili, kwa kuwa masikio hayakumwamsha tena. Mumewe aliona kanga ile kila siku, akadhani ni mapenzi tu ya mtoto mdogo.

Kosa letu wauguzi

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Miaka michache kabla ya hapo, katika zahanati mojawapo tuliyofanya kazi, mama huyuhuyu alileta mtoto mwenye malaria. Foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa wakilia kila upande. Tulimpa dawa mseto tukamweleza kwa haraka, huku tumeinamia daftari: asubuhi na jioni, kwa siku tatu. Tukamwuliza kama ameelewa. Akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Siku ya nne alirudi, mtoto akiwaka homa upya. Dawa ilikuwa imebaki nusu, maana alikuwa amempa asubuhi tu. Tulimkaripia mbele ya watu. Hakuna aliyejiuliza kama neno "jioni" lilimfikia.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile tumejifunza kwamba mtu asiyesikia vizuri husema "ndiyo" mara nyingi kuliko sisi wengine, kwa sababu amechoka kusema "rudia". Siku hizi hatumwulizi mama kama ameelewa. Tunamwomba atuonyeshe kwa vidole atampa mtoto vidonge vingapi, na saa ngapi.

Kwa nini masikio hufa

Sikio lina vyumba vitatu. Sauti huingia tundu la nje na kuitikisa ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa vimifupa vitatu vidogo, ambavyo cha mwisho ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu. Kutoka hapo mtikiso huingia katika chumba cha ndani, kilichojikunja kama konokono, ambacho waganga hukiita koklea. Mle ndani kuna maji na vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyogeuza mtikiso kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Vikifa havioti tena, hata ukinywa dawa gani.

Tatizo likiwa sehemu ya nje au ya katikati, mara nyingi lipo la kufanya. Nta iliyoganda hulainishwa ikatolewa. Sikio litoalo usaha hutibiwa, na ngoma iliyotoboka yaweza kuzibwa. Kimfupa kilichoganda chaweza kufanyiwa upasuaji. Lakini koklea huharibiwa na mambo mengi tunayoyafahamu huku vijijini: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, rubela inayomshika mama mjamzito, kelele za mashine za miaka mingi, na uzee wenyewe. Zipo pia dawa. Sindano za streptomaisini zilitumika miaka mingi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na gentamaisini bado huokoa maisha ya watoto wachanga. Zote mbili zaweza kuua vinyweleo vile zikizidi kipimo au zikitumiwa muda mrefu. Kwinini nayo huvumisha masikio, ila mvumo huo kwa kawaida hupoa dawa ikiisha. Hatusemi mkatae sindano. Tunasema, ukisikia mvumo au kizunguzungu wakati unachomwa sindano, mwambie mhudumu siku ileile.

Na jambo moja tunaomba sana: acheni kutia sikioni mafuta ya mawese ya moto, maji ya majani na mkojo. Tumeona ngoma zilizoungua kwa mapenzi ya bibi.

Habari ya Muhimbili

Ndugu mmoja wa familia hii anaishi Dar es Salaam. Alipiga simu akasema kuna upasuaji Muhimbili unaowafanya viziwi wasikie. Habari hiyo ni ya kweli. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017, na kabla ya hapo Watanzania walipelekwa nje, hasa India. Ilipoanza ilielezwa kuwa gharama ya mgonjwa mmoja inazidi shilingi milioni 30, na kwamba nje ya nchi gharama ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Wengi waliopata huduma hiyo ni watoto wadogo.

Basi tulipofika siku nyingine tulimkuta baba mwenye nyumba ameshaongea na mnunuzi wa shamba la kahawa. Bibi mkwe alikuwa akilia barazani. Mume alituambia, "Nimemwita mke wangu mwenye kiburi kwa miaka sita. Acha niuze." Tulinyamaza kidogo, maana neno lile lilikuwa zito. Kisha tukamwambia, "Shemeji, usiuze bado. Sikio lenyewe halijapimwa."

Hebu tueleze kifaa hiki ni nini, kwa kuwa maneno mengi yanazunguka. Kina sehemu mbili. Moja hupandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na uzi mwembamba wenye ncha za umeme huingizwa ndani ya konokono ile. Nyingine huvaliwa nje, ina kinasa sauti na betri, nayo hushikwa kichwani kwa sumaku. Kifaa hakikuzi sauti. Huviruka vinyweleo vilivyokufa na kuugusa mshipa wa fahamu moja kwa moja kwa umeme mdogo.

Mmoja wa waliokibuni ni Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, ambaye baba yake alikuwa mfamasia mwenye masikio mazito. Mtoto yule alikua akimwona baba akihangaika na wateja dukani, akasema tangu udogo kwamba atatengeneza masikio. Shida yake kubwa ilikuwa namna ya kuingiza uzi katika njia iliyojikunja bila kuumiza. Mwaka 1977, akiwa ufukweni, aliokota kombe la baharini akalisukumia jani la nyasi, akaona kuwa jani lililo gumu shinani na laini nchani hupita. Mwaka uliofuata alimfanyia upasuaji mgonjwa wake wa kwanza. Tulimsimulia mama huyu habari hiyo kwa kuiandika kwenye daftari la mwanawe. Aliisoma mara mbili, akacheka kicheko chake halisi.

Lakini upasuaji wenyewe si mwisho wa kazi. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, na sauti za kwanza hufanana na redio iliyokosa stesheni. Ubongo hujifunza upya, kwa mazoezi ya miezi na miaka, na mtaalamu hurekebisha kifaa mara kwa mara. Kutoka Titye hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Betri zataka umeme au fedha. Sehemu ya nje huchakaa, ikavunjika, ikataka nyingine. Aidha, usikivu mdogo uliobaki katika sikio linalopasuliwa waweza kupotea. Kwa hiyo hapewi mtu ambaye bado anasaidiwa na kifaa cha kawaida cha kukuza sauti.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi mambo ni tofauti, na hapo tunawasihi akina mama msingoje. Ubongo wa mtoto hujifunza maneno katika miaka ya mwanzo. Akipandikizwa kabla ya kutimiza miaka 3 hufaidi zaidi kuliko akichelewa. Na aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo apimwe masikio mara tu anapopona, kwa sababu konokono ile yaweza kugeuka mfupa katika muda mfupi, na uzi usipate pa kupita. Mtu mzima aliyewahi kusikia na kusema, kama mama yetu huyu, bado anayo nafasi hata baadaye. Wala asiyepata kifaa hajaachwa bila lugha. Shule ya viziwi ya Tabora imekuwapo tangu mwaka 1963, na lugha ya alama ni lugha kamili.

Badala ya shamba waliuza mbuzi wawili. Mume na mke walipanda basi kwenda Mwanza kupitia Kibondo na Nyakanazi, wakamwona daktari wa masikio, pua na koo. Alipimwa ndani ya chumba kisicho na kelele, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Daktari alieleza kwamba sehemu ya tatizo ipo kwenye vimifupa na sehemu ipo kwenye koklea. Sikio la kushoto limekwenda sana, la kulia lina uhai bado. Akashauri kifaa cha kukuza sauti cha sikio la kulia, na kipimo kila mwaka, kwa sababu hali inaendelea kushuka. Kuhusu kupandikizwa alisema si sasa, ila mlango haujafungwa.

Kifaa kilipatikana baada ya miezi mitano, nusu kwa fedha ya kahawa, nusu kwa mchango wa akina mama wa usharika. Siku za kwanza kilimkera. Sufuria zilipiga kelele kama ngoma, akakivua akakiweka kabatini. Tulikwenda kumbembeleza akivae saa moja asubuhi na saa moja jioni, akiongeza kidogo kidogo. Na nyumba ikajifunza. Binti hugonga meza kabla ya kusema. Mume humgusa bega, husimama penye mwanga ili midomo ionekane, wala hapigi kelele, maana kelele hupotosha midomo. Mazungumzo ya maana hufanyika nje, mbali na redio. Tulikumbushana kwamba hata Bwana Yesu, katika Injili ya Marko, alimtenga yule kiziwi na umati kwanza, akamgusa masikio ndipo akasema.

Kwenye kwaya amehamishwa mstari wa mbele, sikio la kulia likiwaelekea waimba sauti ya kwanza. Bado huchelewa kidogo kwenye pambio za haraka. Njiani watoto wameambiwa wamsimamie mbele kabla ya kumwamkia, na wengi hufanya hivyo. Kipimo chake kinachofuata ni baada ya mavuno ya maharage, na safari hii amesema atakwenda na binti yake, ili mume abaki na ng'ombe.