Kwa Nini Pingili za Maua Huoza Kabla ya Kutoa Mizizi

KATIKA vibaraza vya nyumba nyingi wilayani, ndani ya makopo ya rangi, ndoo zilizotoboka na viriba vyeusi, hustawi mimea ya maua yenye majani au mashina manene. Mitatu kati yake inajulikana zaidi. Wa kwanza ni kalankoe, mmea mfupi wenye majani yanayong'aa na vichala vya maua madogo mekundu, ya njano au ya waridi. Wa pili ni taji la miiba, wenye shina lililojaa miiba na maua yanayotoka karibu mwaka mzima. Wa tatu ni waridi la jangwani, wenye shina lililovimba chini kama chupa. Mimea hii huvumilia ukame, haihitaji uangalizi mkubwa, na wanunuzi huiulizia katika vitalu vilivyo kandokando ya barabara.

Hata hivyo, wengi wanaojaribu kuizalisha kwa kupanda vipande vya shina, yaani pingili, hupatwa na hasara ya namna moja. Tawi hukatwa asubuhi, huchomekwa papo hapo katika udongo mweusi wenye samadi, kisha humwagiliwa asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja sehemu ya chini hulainika, hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu. Mwenye kitalu akiona majani yamelegea hudhani ni kiu, naye huongeza maji. Mwishowe pingili nyingi hupotea, pamoja na fedha za viriba, udongo na nguvu kazi. Hasara hiyo huwapata zaidi walio wachapakazi, kwa kuwa mimea hii huuawa na maji mapema kuliko inavyouawa na ukame.

Tofauti na muhogo na matembele

Mkulima aliyezoea kupanda pingili za muhogo au marando ya matembele anajua kwamba udongo wenye unyevu ndio huleta mizizi. Maarifa hayo ni sahihi kwa mazao hayo, lakini hayafai kwa mimea inayohifadhi maji ndani ya mwili wake.

Kalankoe na taji la miiba asili yake ni Madagaska. Taji la miiba lilifikishwa Ufaransa mwaka 1821 na Baron Milius, na jina lake la kitaalamu linamkumbuka yeye. Kalankoe ilienezwa kutoka Potsdam, Ujerumani, kuanzia mwaka 1932 na mfanyabiashara wa mbegu Robert Blossfeld. Waridi la jangwani ni mmea wa nchi kavu za Afrika na Uarabuni, na humea wenyewe katika sehemu kavu za Tanzania na Kenya.

Mimea hii imejijengea namna ya kuishi na maji machache. Kalankoe, kwa mfano, hufunga vitundu vidogo vya majani yake wakati wa jua kali na kuvifungua usiku, ili isipoteze maji bure. Kwa sababu hiyo pingili yake iliyokatwa huwa na akiba ya maji ya kuitunza kwa siku nyingi bila mizizi. Kinachoitishia ni jeraha la mahali ilipokatwa. Jeraha bichi likigusana na udongo wenye unyevu, kuvu na bakteria waozeshao hupenya na kusambaa ndani ya shina. Likiachwa likauke kivulini, hufunikwa na ngozi ngumu mithili ya gaga la kidonda cha binadamu. Ngozi hiyo ndiyo kinga ya pingili mpaka mizizi itakapotokeza.

Kuchagua na kukata

Mmea mama uwe na afya njema, usiwe na madoa wala vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Pingili huchukua tabia zote za mmea uliokatwa: mama mwenye maua mekundu huzaa maua mekundu, na mama mwenye ugonjwa huweza kuuhamishia kitalu kizima. Mbegu haina uhakika huo wa rangi, na ndiyo sababu wazalishaji wa kalankoe hutegemea pingili.

Tawi linalofaa ni lile lisilo na maua wala vichomozo vya maua. Tawi lenye maua hutumia nguvu zake huko juu, na mizizi huchelewa. Kama hakuna jingine, maua yaondolewe kwanza.

Kisu kiwe kikali, kioshwe kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti, kisha kifutwe tena kabla ya kuhamia mmea mwingine. Kwa kalankoe, pingili ya urefu wa sentimita 7 hadi 10 inatosha. Ikatwe chini kidogo ya kifundo, mahali jani linapotokea, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hutoka kwa urahisi. Majani ya chini yaondolewe, yabaki mawili au manne ya juu. Jani lililozikwa udongoni huoza na kuozesha shina.

Kwa taji la miiba na waridi la jangwani, pingili ya sentimita 10 hadi 15 ndiyo nzuri. Mara tu baada ya kukata, utomvu mweupe wa taji la miiba utachuruzika. Ncha iliyokatwa ioshwe kwa maji mpaka utomvu ukome.

Siku za kukausha

Pingili zilazwe juu ya gazeti au chekeche, kivulini, mahali penye hewa, bila kurundikwa. Kalankoe hukaa siku 2 au 3. Taji la miiba hukaa siku 4 hadi 7. Waridi la jangwani, kwa sababu ya unene wa shina lake, huhitaji wiki moja au zaidi. Siku hizo huongezeka wakati wa mvua, hewa inapokuwa na unyevu.

Dalili ya kwamba pingili iko tayari huonekana na kuguswa: ncha iliyokatwa huwa kavu, ngumu na imefifia rangi, wala haiachi unyevu kidoleni. Majani yakinyauka kidogo katika siku hizo si jambo la kuhofia. Subira yavuta heri, na katika kazi hii siku chache za kungoja ndizo huamua kama kitalu kitapona.

Udongo na chombo

Udongo unaofaa ni ule usioshika maji. Mchanganyiko rahisi ni debe mbili za mchanga mnene wa mtoni kwa debe moja ya mboji iliyooza vizuri au udongo wa juu. Mchanga wa baharini haufai kwa sababu ya chumvi. Samadi mbichi haifai pia, kwa kuwa huunguza pingili na kuleta kuvu. Mbolea isubiri hadi mizizi ishike.

Ili kuupima mchanganyiko huo, fumba ngumi ukiwa umeshika udongo uliolowana kidogo, kisha uifumbue. Udongo ukibaki donge gumu, mchanga uongezwe. Ukimeguka wenyewe, unafaa.

Chombo chochote kinakubalika ilimradi kina matundu chini: kiriba, kopo la rangi lililooshwa, au dumu la mafuta ya kula lililokatwa. Chombo kisichopitisha maji chini huozesha pingili hata kama udongo ni mzuri.

Kupanda na kumwagilia

Kitobo kitangulizwe kwa kijiti, ili ngozi ya jeraha isikwaruzwe. Pingili izikwe sentimita 2 hadi 3, udongo ushindiliwe kwa vidole mpaka isimame yenyewe, na chombo kiwekwe mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua la mchana.

Maji yasitiwe siku hiyo. Baada ya siku 3 au 4 udongo uloweshwe mara moja, kisha uachwe ukauke kabla ya kuloweshwa tena. Kidole kikizamishwa mpaka kifundo cha kwanza na kukuta unyevu, maji hayahitajiki. Msimu wa mvua vyombo viwekwe chini ya paa, kwani mvua ya usiku mmoja huweza kuharibu kazi ya mwezi.

Kalankoe hutoa mizizi kwa wiki 2 hadi 4, na taji la miiba kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili. Pingili ikivutwa taratibu na kukataa kutoka, au ikianza kuchipua majani mapya, mizizi imeshika. Kuanzia hapo izoezwe jua la asubuhi kidogo kidogo.

Kikundi kinachoanza hakina haja ya kuhatarisha mtaji wote. Kikate pingili 20 kutoka mmea mmoja, 10 zipandwe siku hiyohiyo na 10 zikaushwe kwanza, zote katika udongo wa aina moja. Baada ya mwezi wanachama watahesabu wenyewe zilizopona kila upande.

Kalankoe isiyotoa maua

Malalamiko mengine ya wafugaji wa maua ni kwamba kalankoe hustawi lakini haichanui. Mmea huu huanza kutengeneza maua usiku unapokuwa mrefu. Kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, usiku mrefu huwa katikati ya mwaka, karibu na mwezi Juni. Taa ya ulinzi inayowaka barazani usiku kucha huuhadaa mmea uone kwamba usiku ni mfupi. Mmea uhamishwe mbali na taa, au ufunikwe kwa boksi lisilopitisha mwanga kuanzia jioni hadi asubuhi kwa wiki 6 hivi. Mchana uachwe kwenye mwanga.

Utomvu ni sumu

Taji la miiba ni wa ukoo mmoja na mnyaa unaotumika kama ua wa boma, na utomvu wake huwasha ngozi na kudhuru macho vilevile. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu kali ya moyo, na katika sehemu mbalimbali za Afrika umetumika tangu zamani kutengeneza sumu ya mishale. Kalankoe nayo hudhuru mbuzi, kondoo na ng'ombe wakiila.

Kwa hiyo glavu zivaliwe wakati wa kukata, watoto wasiachwe karibu, na mabaki yafukiwe badala ya kutupwa kwenye malisho. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mhusika apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa. Mtu aliyemeza sehemu yoyote ya mmea apelekwe mara moja, na kipande cha mmea huo kichukuliwe ili mhudumu wa afya akitambue.

Waridi la jangwani lising'olewe porini

Pingili ya waridi la jangwani hutoa mizizi na maua, lakini mara nyingi shina lake halivimbi vizuri kama la mmea uliotokana na mbegu. Wanunuzi hulipendea shina hilo, na hapo ndipo kishawishi cha kung'oa mimea ya porini huanzia. Mmea mkubwa wa porini umechukua miaka mingi kufikia unene wake, na ukikatwa mizizi na kupandwa ukiwa na majeraha mabichi huoza kama pingili. Aidha, kuchukua mimea katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Njia iliyo salama ni kukusanya mbegu kutoka mimea iliyopandwa nyumbani. Maganda yake ni marefu na huja mawili mawili kama pembe. Yafungwe kwa uzi kabla ya kupasuka, kwani mbegu zina manyoya na hupeperushwa na upepo.

Huduma zinazopatikana

Mkazi anayetaka kuonyeshwa kwa vitendo namna ya kukata na kukausha pingili, au ambaye kitalu chake kimeingiliwa na ugonjwa, amwone Afisa Ugani wa kata au kijiji chake, akiwa na pingili mbili au tatu zilizoharibika. Pingili iliyooza humwonyesha mtaalamu mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Wanaotaka kufanya kazi hii kama kikundi wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa utaratibu wa usajili. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichokwisha kufanya jaribio la pingili 20 na kuandika matokeo yake kitakuwa na jambo la kueleza kitakapoulizwa jinsi mkopo utakavyorejeshwa.

Wenye vitalu pembezoni mwa barabara wanakumbushwa kuulizia kwanza mipaka ya hifadhi ya barabara katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, ili mimea iliyotunzwa kwa miezi isije ikaondolewa kwa siku moja.