Macho Yako Wazi, Lakini Akili Iko Wapi?

Siku utakapopanda matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, mjaribu mwanao hivi. Mwache atazame barabara apendavyo, usimwambie lolote. Mkikaribia Juja, mwambie afumbe macho ghafla, kisha umuulize: Gari lililo mbele yetu ni la aina gani? Dereva ameongeza mwendo au amepunguza? Na yule wa pikipiki tuliyempita, akiendelea hivyo atatukuta stejini?

Swali la kwanza huenda akaliweza. La tatu litamtoa jasho. Nawe usimcheke, kwani zamu yako yaja.

Je, wajua kwamba watu wanaoendesha vinu vya nyuklia hupimwa vivyo hivyo? Mtaalamu wa Marekani, Mica Endsley, alieleza njia hiyo mwaka wa 1988, akiwa anashughulikia marubani wa ndege za kivita. Mwendesha mtambo huketishwa katika chumba cha mazoezi kinachofanana na kile cha kazini. Shughuli ikiwa imepamba moto, mazoezi husimamishwa, skrini zote huzimwa, naye huanza kuulizwa. Majibu yake hulinganishwa na yale ambayo kompyuta iliyahifadhi. Kwa maoni ya Endsley, kuna kuona, kuna kuelewa maana ya ulichokiona, na kuna kutabiri kitakachofuata.

Huko Halden, Norwei, watafiti walitengeneza maswali yanayofaa vinu hasa. Tangu dakika chache zilizopita, presha imepanda, imeshuka au iko pale pale? Ukilinganisha na siku ya kawaida, je? Na baadaye itakuwaje? Wengine hutumia kamera zinazofuata mboni za macho. Kamera hizo zina kasoro moja ambayo kila mwalimu anaijua: mwanafunzi anaweza kuukodolea ubao macho huku mawazo yake yako kwenye chapati za nyumbani.

Kwa nini taabu yote hiyo? Alfajiri ya Machi 28, 1979, katika kinu cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi, na maji ya kupoza kinu yakawa yanatoroka. Taa kwenye ubao ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga vali imetumwa. Waliokuwa zamu wakaamini imefungwa. Ving'ora zaidi ya 100 vililia katika dakika chache. Kipimo kimoja kiliwafanya wadhani maji yamezidi, wakayapunguza! Vali hiyo ilikaa wazi kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Hawakuwa wamelala, msomaji. Walikuwa wakitazama.

Usiseme hayo ni ya ng'ambo. Hatuna kinu cha nyuklia hapa Kenya, lakini vyumba vya kuongozea mitambo tunavyo. Hapo Thika pana kituo cha umeme cha megawati 87 kinachotumia mafuta mazito, na injini zake zinahitaji watu wa kuzichunga usiku na mchana. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mashine zilizobaki zikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alinusurika.) Katika hali kama hiyo vipimo huonyesha matokeo tu, wala havisemi kuna mnyama juu ya transfoma.

Hatari nyingine ni ukimya. Mwaka wa 1948, Mwingereza Norman Mackworth alieleza jinsi alivyowaketisha watu kwa saa mbili wakitazama mshale wa saa na kungoja uruke hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa tu, walianza kupitwa na miruko mingi zaidi. Mlinzi yeyote wa usiku pale Ruiru angemweleza hayo bure.

Sasa serikali ina mpango wa kinu cha nyuklia. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walikipinga, na baadaye Siaya ikatajwa. Tunasikia sana habari za gharama, ardhi na taka. Lakini kijana anayesomea uhandisi pale Juja huenda ndiye atakayeketi mbele ya skrini hizo saa tisa usiku. Atapimwa na nani, na mara ngapi kwa mwaka?