Diski ya Kiingereza hufunza kimya

Kila Januari, wazazi wa hapa Nakuru hurudi nyumbani na karatasi tele kutoka shuleni: za karo, za sare, za kanuni. Moja ya karatasi hizo, ya somo la Kiingereza katika shule moja ya upili ya bweni, ilinifikia kupitia mzazi aliyetaka kujua iwapo yaliyomo ni halali. Ilikuwa na kanuni 9. Niliisoma kwa jicho la mwanaisimu, yaani nilianza na vitenzi. Kanuni 7 zilikuwa za kukanya: usizungumze lugha ya mama, usizungumze Kiswahili isipokuwa siku yake, usichelewe, usipige kelele, na kadhalika. Mbili tu zilimwambia mwanafunzi la kufanya: aje na kamusi, na anunue vitabu teule. Atasoma kiasi gani, ataandika mara ngapi, atasahihishiwa lini? Karatasi ilinyamaza.

Huenda msomaji akadhani kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimekuja kukipiga vita Kiingereza. La hasha! Mtoto wa Kenya anakihitaji, tena kilicho kizuri. Ni somo la lazima katika mtihani wa KCSE, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu Januari 2026 wamelikuta palepale kwenye orodha ya masomo ya lazima. Ninalouliza ni hili: je, kanuni hizi zinamfikisha huko?

Kanuni iliyopewa uzito mkubwa ni ya diski. Wengi wetu tuliosoma nchini tunakijua chombo hiki, ingawa wengine walikiita monito. Ni kipande cha mbao, mfupa au plastiki chenye uzi. Anayenaswa akizungumza lugha iliyokatazwa hukivaa, na njia ya kukivua ni kumnasa mwenzake. Jioni, waliokivaa huitwa mbele ya mwalimu wa zamu, na hapo adhabu hutolewa.

Hatukukibuni sisi. Katika karne ya 19, watoto wa Wales walivishwa kibao chenye herufi W.N. waliposikika wakizungumza Kiwelishi. Huko Brittany, Ufaransa, watoto waliozungumza Kibretoni walipokezanywa kitu cha namna hiyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, alieleza jinsi kitufe kilivyozungushwa miongoni mwa wanafunzi wa Kikuyu wakati wa ukoloni, na jinsi zamu ya kukishika ilivyowafanya watoto kuwa wapelelezi wa wenzao. Uhuru ulikuja, kitufe kikabaki.

Wanaoitetea diski wana hoja, nami sitaki kuipuuza. Wanasema lugha haijiingizi kichwani. Sharti mtu aizungumze. Ni kweli. Mtaalamu wa Kanada, Merrill Swain, alitoa hoja mwaka 1985 kwamba kusikia na kusoma peke yake hakutoshi. Anayejifunza lugha hana budi kuizalisha mwenyewe, ajaribu, akwame, ajirekebishe. Lakini angalieni neno hilo: ajaribu. Anayejaribu hukosea. Palipo na diski, kosa halisahihishwi; huchekwa, au huepukwa kwa kufunga mdomo.

Kwa miaka mingi nimezunguka shule za Njoro, Molo, Rongai na Gilgil nikikagua wanafunzi wangu walio kwenye mazoezi ya ualimu. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, na mikono inayoinuka ni miwili mitatu, tena ileile. Kengele ya mapumziko ikilia, darasa zima linalipuka kwa mazungumzo, Kiswahili na Sheng vikichanganyika. Mwalimu wa zamu akitokeza tu, kimya! Kumbe maneno wanayo. Wanachokosa ni mahali pa kukosea bila kuaibishwa.

Ajabu ni kwamba hata mtihani wenyewe hausikilizi sauti ya mtoto huyu. KCSE ya Kiingereza ina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200: ya kwanza 60, ya pili 80, ya tatu 60. Stadi za mazungumzo zina alama 30 katika karatasi ya kwanza, na hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika neno lipi linatamkwa sawa na lingine, au angemjibu vipi mtu fulani katika mahojiano. Alama zote 200, basi, hutoka katika kusoma na kuandika. Shule inayotumia nguvu zake kuvizia midomo ya watoto kwenye foleni ya chakula, ilhali insha zao zinakaa mezani wiki sita bila kusahihishwa, imeelekeza nguvu pasipo.

Tuje sasa kwa Nakuru yetu. Walimu wakuu wa huku husema kwamba darasa moja laweza kuwa na mtoto wa Kuresoi anayezungumza Kipsigis, wa Bahati anayezungumza Gikuyu, na wa Kaptembwa ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kiluo, Ekegusii au Kiluhya. (Yule wa mtaa wetu wa London naye hakuzaliwa na Kiingereza, licha ya jina!) Baada ya yaliyotukuta mwaka 2007 na 2008, hofu ya wanafunzi kujitenga kwa makundi ya lugha si ya kubuni. Naielewa hofu hiyo. Lakini inaeleza tu kwa nini shule itafute lugha ya kuwaunganisha watoto hawa, na lugha hiyo ipo: tangu enzi za reli na mashamba ya walowezi, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wafanyakazi kutoka pande zote za nchi katika Bonde la Ufa. Hoja ya umoja haiwezi kutumiwa kukipiga marufuku Kiswahili.

Isitoshe, lugha za nyumbani si adui wa Kiingereza. Jim Cummins, mtaalamu mwingine wa Kanada, alieleza mwaka 1979 kwamba stadi mtu anazozijenga katika lugha moja humsaidia katika nyingine. Anayejua kupanga hoja kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa upya maana ya hoja. Anahitaji msamiati na sarufi ya kuibebea.

Mfano bora uko hapahapa. Henry ole Kulet, mwandishi aliyeishi Nakuru hadi kifo chake mwaka 2021, aliandika Blossoms of the Savannah, riwaya iliyoshinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 2009 na baadaye ikatahiniwa katika KCSE. Familia iliyomo inahama Nakuru, na binti Resian anaota kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro. Ole Kulet aliandika Kiingereza cha kupigiwa mfano, na ndani yake akaacha maneno ya Kimaasai yakae yanapostahili, kama vile yeiyo, yaani mama. Neno hilo mwanafunzi alilisoma darasani na kulijibia maswali. Akilitamka nje ya darasa, diski shingoni.

Nirudi kwa swali la mzazi: ni halali? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kinaitaka pia serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumpa mwanafunzi adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Mimi si wakili, lakini sioni jinsi kumtundikia mtoto mfupa shingoni kwa kuzungumza lugha ya taifa kunavyoweza kupita katika kifungu hicho.

Basi tuweke nini mahali pake? Kipindi cha Kiingereza kiwe cha Kiingereza, mwalimu na mwanafunzi wote. Hilo ni haki ya somo. Wakipanga kazi ya kikundi, waruhusiwe kunong'onezana kwa Kiswahili, mradi jibu litolewe kwa Kiingereza. Kila mwanafunzi azungumze mbele ya wenzake angalau mara moja kwa wiki mbili, na mwalimu asahihishe baada ya kumaliza, asimkatize. Kila mmoja asome kitabu kimoja kwa mwezi nje ya vile vya mtihani.

Kuhusu kuandika, tufanye hesabu. Mwalimu mwenye madarasa matatu ya wanafunzi 50 ana insha 150. Kwa dakika tano kila moja, ni saa 12 na nusu. Hawezi kila wiki, tusimdanganye. Lakini wanafunzi wote waandike aya moja kila wiki, naye asahihishe theluthi moja kwa zamu. Hizo ni aya 50, saa nne na dakika kumi, na kila mtoto atasahihishiwa kila baada ya wiki tatu. Hilo linawezekana.

Kanuni za namna hii zina tofauti moja ya kisarufi na zile za mwanzo: vitenzi vyake vinatenda, na baadhi vina mwalimu kama kiima. Mzazi, ukipewa karatasi ya kanuni, usihesabu tu yale mtoto wako aliyokatazwa. Tafuta sentensi inayosema mwalimu atafanya nini. Ukiikosa, uliza kwa heshima kabla ya kutia sahihi.